Uislamu Haufuti Asili: Kutoka Dezhou na Pate mpaka Kitui na Makueni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Kijana wa Kiislamu wa Kitui au Makueni huulizwa swali moja tangu akiwa shule ya msingi: "Wewe ni Mkamba ama ni Muislamu?" Akijiita Mutua, wageni humshangaa msikitini. Akijiita Abdallah, wenzake darasani humwambia ati amekuwa Mswahili. Wengine wetu tumechoka kujibu, tukachagua upande mmoja. Huyu ameacha kuongea Kikamba na watoto wake, yule anaona haya kuvaa kofia akienda sokoni.

Ndugu yangu, swali lenyewe ndilo lenye kosa. Ili tulione kosa hilo vizuri, hebu tutoke nyumbani kidogo twende mbali, kisha tutarudi. Wachina tumewaona hapa Makueni wakijenga reli ya SGR, ile iliyofunguliwa Mei 2017 na inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Wengi wetu tulidhani kwamba hapo ndipo wao na sisi tulipoanza kujuana. Kumbe habari ni ya zamani sana, na ndani yake kuna Waislamu.

SULTANI ALIYEFIA UGENINI

Kusini mwa nchi ya Ufilipino kuna visiwa vinavyoitwa Sulu. Uislamu ulifika huko kabla ya Wahispania, na watu wake walikuwa na masultani wao. Mwaka 1417 mmoja wa watawala hao, Paduka Batara, alisafiri na msafara wa mamia ya watu mpaka Beijing kumtembelea mfalme wa Uchina aliyeitwa Yongle. Alipokewa kwa heshima kubwa. Lakini njiani akirudi nyumbani, alipofika mji wa Dezhou katika jimbo la Shandong, akaugua na kufariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mfalme akaamuru azikwe kwa heshima ya kifalme. Mwanawe mkubwa akarudi Sulu kushika utawala. Mkewe na wana wawili wakabaki Dezhou kuliangalia kaburi. Bila shaka walidhani ni kwa muda tu. Lakini miaka ikapita, watoto wakaoa, wajukuu wakazaliwa, na nyumbani kukawa ndiko huko. Katika karne ya 18 kizazi chao kikaandikishwa rasmi kuwa raia wa Uchina, kwa majina mawili ya ukoo, An na Wen, yaliyotokana na majina ya wale wana wawili wa sultani.

Sasa imepita miaka zaidi ya 600. Watu wa ukoo huo wapo mpaka leo, wanaongea Kichina, na wanahesabiwa pamoja na Wahui, ambao ni Waislamu wa Uchina. Pana msikiti karibu na kaburi. Mwaka 1988 serikali ya Uchina ililiweka kaburi hilo katika orodha ya turathi za taifa.

Tujiulize: watu hawa ni akina nani? Ni Wafilipino, Wachina, ama ni Waislamu? Ukimuuliza mmoja wao achague, utakuwa umemdhulumu. Asili yake ni Sulu, lugha yake ni Kichina, na dini yake ni Uislamu. Hakuna kimoja kilichomfukuza mwenzake.

MERI ZA ZHENG HE NA WAZEE WA PATE

Mwaka ule ule wa 1417, mfalme yule yule alituma meri zake safari ya tano kuelekea magharibi. Kiongozi wa safari hizo alikuwa Zheng He, aliyezaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, katika familia ya Kiislamu. Jina la ukoo wake lilikuwa Ma, na baba yake alijulikana kwa jina la Hajji. Kati ya 1405 na 1433 Zheng He aliongoza safari saba. Meri zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alikuwa ameshapelekwa Uchina kama zawadi, akawa kioja kikubwa kwa watu wa huko. Na mmoja wa wakalimani wa safari hizo, Ma Huan, ambaye naye alikuwa Muislamu, aliandika kitabu juu ya nchi alizoziona. Kwa kalamu yake tunajua mengi ya zama zile.

Huku kwetu hadithi haikuandikwa, ilisimuliwa. Katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa Lamu, wazee wamepokezana kwamba zamani meri ya Wachina ilivunjika karibu na kisiwa. Mabaharia waliookoka wakafika ufukweni, wakapokewa, wakasilimu, wakaoa na kuishi hapo. Koo fulani za Siyu zinajulikana mpaka leo kwa asili hiyo.

Tuseme kweli, wanahistoria hawakubaliani juu ya kila sehemu ya hadithi hii. Kwa mfano, wapo waliosema kwamba jina la mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, limetoka Shanghai. Lakini uchimbaji uliofanywa huko katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mji huo ulikuwepo tangu karne ya 8, na ulikuwa na msikiti wa miti mamia ya miaka kabla ya Zheng He kuzaliwa. Muislamu hapaswi kuipamba historia kwa uongo. Upande mwengine, ushahidi wa biashara na Uchina umejaa pwani nzima: vipande vya sahani na mabakuli ya Kichina vimefukuliwa Shanga na Gede, na mwaka 2010 huko Mambrui, karibu na Malindi, ilipatikana sarafu yenye jina la Yongle.

Mwaka 2005, Uchina ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana mmoja wa familia hizo za Pate alipewa nafasi ya kwenda kusomea udaktari huko. Kwa nini yeye? Kwa sababu familia yake haikuiacha hadithi yake ife. Hawakuwa na nyaraka wala kaburi la kifalme. Walikuwa na ulimi wa bibi na sikio la mjukuu.

DINI YETU INASEMAJE?

Huenda mtu akasema, "Mambo ya kabila ni ujahiliya." Kujivunia kabila ili uwadharau wengine ni ujahiliya, hapo hatubishani. Lakini kuijua asili yako si dhambi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Allah (S.W.) ametufahamisha kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni mwenye taqwa zaidi. Sasa utajuana vipi na mwenzako ikiwa wewe mwenyewe hujijui?

Tazameni masahaba. Bilal alibaki kuitwa Bilal al-Habashi, Salman akaitwa al-Farisi, na Suhaib ar-Rumi. Uislamu uliwapandisha daraja bila ya kuwaondolea walikotoka. Tena imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza mchezo wao wa mikuki msikitini kwa Mtume (S.A.W.) siku ya Idd. Hakuwakataza, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama. Hapo tuone jinsi mila ya watu inavyopata nafasi yake ikiwa haigongani na tawhid.

Na zile zinazogongana? Hizo huachwa. Mtume (S.A.W.) aliusifu mkataba wa Hilful Fudhul wa kuwatetea wanyonge, ingawa ulifungwa kabla ya utume, na akapiga marufuku kuzika watoto wa kike wakiwa hai. Vyote viwili vilikuwa mambo ya Waarabu wa kale. Kwetu sisi, ngoma ya kilumi ya kuita mizimu haina nafasi kwa Muislamu. Lakini kusaidiana katika kulima, kuwaheshimu wakubwa, kujua mbai yako, ndai na nthimo za Kikamba, ufundi wa kusuka kyondo, hivi vina kosa gani?

Ukitaka mfano, utazame Msikiti Mkuu wa Xi'an huko Uchina. Paa zake na ua zake ni za Kichina kabisa, lakini ndani kuna aya za Qur'ani. Anayeswali humo anaelekea Makka kama wewe.

TURUDI NYUMBANI

Je, sisi tuna historia? Tunayo. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu, na misafara yao ilikwenda mpaka Mombasa. Mashuhuri kati yao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea mmishonari wa Kijerumani, Krapf, naye Krapf akiwa Kitui akauona mlima wenye theluji. Jina la mlima alilolisikia kwa Wakamba ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu, Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 njiani kuelekea mto Tana. Tunayajua haya kwa sababu Krapf alikuwa na daftari. Na wale watu wa pwani waliopita njia hizo hizo na misahafu yao? Ni wangapi kati yetu tunaweza kutaja hata jina la mmoja?

Baadaye ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899, ikipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Maelfu ya wafanyakazi waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwepo Waislamu. Mji wetu wa Sultan Hamud umebeba mpaka leo jina la Sultan Hamud bin Muhammed wa Zanzibar, aliyetawala kutoka 1896 hadi 1902. Kila siku matatu zinapiga kelele "Sultan! Sultan!" na abiria hawajui kwamba wanamtaja mtawala wa Kiislamu. Pale Makindu, ndugu zetu Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926, na wasafiri wengi wanaijua habari yake. Wao wameihifadhi habari yao. Ya misikiti yetu nani ameiandika?

Hapo ndipo uchungu ulipo. Mzee aliyejua nani alitoa shamba la msikiti, nani alikuwa mwalimu wa kwanza wa madrasa, babu gani alisilimu na kwa mkono wa nani, mzee huyo anapofariki tunamswalia, tunamzika, tunakula, tunaenda nyumbani. Hakuna aliyemuuliza. Kizazi kijacho kikiambiwa kwamba Waislamu wa Ukambani ni wageni waliokuja juzi, kitajibu kwa nini?

TUFANYE NINI RAMADHAN HII?

Ukoo wa Dezhou ulilinda kaburi. Wazee wa Pate walilinda hadithi. Ma Huan alishika kalamu. Sisi tuna simu mkononi inayorekodi sauti, na tuna siku 29 au 30 ambazo familia nzima hukaa pamoja magharibi. Basi mkishafuturu, tende na uji vimeisha na sufuria ya muthokoi imewekwa katikati, kijana mmoja awashe simu na amuulize babu au nyanya maswali haya:

1. Nani wa kwanza kusilimu katika familia yetu, na ilikuwaje?
2. Sisi ni wa mbai gani, na tulihamia hapa kutoka wapi?
3. Msikiti wetu ulianza lini, na nani alitoa kiwanja?
4. Zamani mlikuwa mkifuturu nini, na Idd mlisherehekea vipi?

Muacheni aongee Kikamba kama ndicho anachokiweza vizuri. Msimkatize. Halafu mmoja aandike katika daftari majina na miaka, nakala moja ibaki nyumbani na nyengine ipelekwe kwa kamati ya msikiti. Kina mama nao waulizwe, maana mengi ya nyumba wao ndio wanayajua. Akina dada wa madrasa wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko sisi.

Na kijana atakayeulizwa tena kama yeye ni Mkamba ama Muislamu, asikasirike. Ajibu kwa upole: "Mimi ni Muislamu, na ni Mkamba. Keti nikusimulie babu yangu alikuwa nani." Lakini ili aweze kusimulia, lazima kwanza awe ameuliza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, awape umri na afya wazee tulio nao, na atukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.