Helikopta, Nzige na Hewa Nyepesi ya Ufipa

Historia ya helikopta katika uwanda wa juu wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, haitenganishiki na ile ya nzige wekundu, kwa kuwa chini ya ukingo wa mashariki wa uwanda huo, katika mbuga zinazofurika kandokando ya Ziwa Rukwa, ndiko kuliko na mojawapo ya mazalia ambamo wadudu hao hujazana kabla ya kuhama kwa makundi. Baada ya baa la 1930 hadi 1944, lililoenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta, mkataba wa 1949 uliunda idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, yenye makao Abercorn, yaani Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Shirika lililoirithi, ambalo makao yake yako Ndola, lilizoea kutumia helikopta katika upelelezi, kwani huruka chini juu ya nyasi na kuwatimua nzige ili wingi wao ukadiriwe, kisha hutua pasipo na uwanja.

Lakini nchi hii humtendea rubani kwa namna mbili zinazopingana. Mji wa Sumbawanga, ulio uwandani, uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi, kwa hiyo mwendo mfupi wa angani huvuka tofauti ya kilomita nzima ya kimo. Mchana wa joto, hewa ya Sumbawanga hupungua uzito kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ile ya pwani, mapanga yakawa na hewa haba ya kusukuma, na injini ya pistoni isiyo na kifaa cha kushindilia hewa ikapoteza nguvu vilevile.

Mwanafunzi wa urubani aliyejifunzia pwani hukutwa na hali hiyo wakati wa kupaa. Helikopta inayoelea mita moja juu ya ardhi hubebwa kwa sehemu na hewa inayobanwa chini ya mapanga. Inaposogea mbele huuacha msaada huo kabla ya kufikia mwendo wa kilomita 30 hadi 45 kwa saa, ambao huyapa mapanga hewa mpya na kuongeza uwezo wa kubeba. Katika pengo hilo chombo huzama kidogo. Anayeshtuka huvuta zaidi wenzo wa mkono wa kushoto, unaoongeza pembe ya mapanga yote kwa pamoja. Injini isiyo na akiba huelemewa, mzunguko hupungua, na helikopta hurudi chini kwa kishindo.

Bondeni hewa ni nzito kuliko ya uwandani, ila ardhi ndiyo mtego. Mguu mmoja wa helikopta ukinasa kwenye tope au nyasi ndefu huku mwingine ukiinuka, chombo huanza kuzunguka juu ya ule ulionasa, na kikipita pembe fulani usukani haukirudishi tena. Dawa ni kushusha wenzo taratibu mara mwegamo unapoanza, jambo ambalo mkono wa mgeni hukataa, maana kila silika humwambia avute apae. Ajali hii haina heshima kwa ukongwe wa rubani, ijapokuwa huwapata zaidi wanaoanza.

Marekani ilipoona ajali nyingi za Robinson R22, helikopta ndogo iliyopewa cheti 1979 na kuwa chombo kikuu cha mafunzo, iliweka mwaka 1995 masharti ya mafunzo ya ziada kwa marubani wake, yakiwemo ya kulinda mzunguko wa mapanga usishuke. Uwandani Ufipa mkufunzi huongeza hatua zake: kupunguza mafuta, kukokotoa uzito kwa joto la siku hiyo, na kuondoka asubuhi mapema.