Taa ya Injini Ikiwaka na Kuzimika

Taa ya injini ikiwaka bila kuzimika, na gari halina dalili nyengine, waweza kwenda taratibu hadi kwa fundi. Ikiwaka na kuzimika mfululizo, hilo ni jambo jengine: kuna silinda isiyochoma petroli sawasawa. Petroli hiyo hutoka na moshi, ikaungulia ndani ya kichujio cha ekzosi na kukiharibu. Kichujio ni ghali mara nyingi kuliko plagi.

Punguza mwendo, egesha pahala salama, uzime injini. Usijilazimishe kupanda mlima wa Mazeras.

Fundi asome kodi kwa mashine. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili. P0300 haitaji silinda maalumu. Ikitajwa moja, ahamishe koili yake kwenye silinda nyengine. Hitilafu ikiifuata, koili ndiyo mbovu. Isipoifuata, atazame plagi, kisha injekta. Kabla ya hapo, usinunue koili zote nne.

Anayekwambia uchomoe waya wa betri anafuta kodi tu. Ugonjwa wabaki palepale. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.