Wanafunzi wa ng'ambo Kigoma: Wageni walikuja kusoma, wenyeji wakawa walimu

MWANAFUNZI wa chuo kikuu kutoka Ulaya, Marekani au Japani anapofika katika mkoa wa Kigoma kwa ajili ya masomo, kwa kawaida huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza humpeleka mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye misitu ya Gombe na Mahale, kuwachunguza sokwe mtu. Ya pili hupanda nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, katika vijiji vya Waha na maeneo yaliyohifadhi wakimbizi, kujifunza habari za binadamu.

Njia zote mbili zimezaa tasnifu, vitabu na maprofesa. Lakini kwa mkazi wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, au wa kijiji chochote kinachompokea mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti, yapo maswali yasiyokwepeka. Mgeni huyu anakuja kujifunza nini, anafundishwa na nani, na akiondoka anaacha nini?

Historia ya Kigoma inayo majibu, na mengine yalipatikana kwa gharama kubwa.

Mwanzo wa safari

Julai 14, 1960, Jane Goodall, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, alitia nanga Gombe. Hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa ametumwa na mtaalamu wa mambo ya kale, Louis Leakey, aliyeamini kuwa macho yasiyo na mazoea ya darasani yangeweza kuona mambo ambayo wasomi hawakuyaona.

Mwaka huohuo Goodall aliona sokwe mtu wakitengeneza vijiti na kuvitumia kuvulia mchwa kwenye vichuguu. Hadi wakati huo wanasayansi waliamini kuwa ni binadamu pekee atengenezaye zana. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea asomee shahada ya uzamivu bila ya kuwa na shahada ya kwanza, na masomo yake mengi aliyafanyia porini Gombe. Goodall alifariki dunia Oktoba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 91.

Kusini zaidi, kwenye milima ya Mahale, Mjapani Toshisada Nishida, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alianza utafiti wake mwaka 1965. Hivyo ndivyo mwambao wa Ziwa Tanganyika ulivyogeuka kuwa darasa la vyuo vikuu vya mbali. Gombe ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale ikafuata mwaka 1985.

Stanford yaingia Gombe

Mapema katika miaka ya 1970 Goodall alikuwa profesa mwalikwa katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Kwa ushirikiano na Profesa David Hamburg, ulianzishwa mpango uliowawezesha wanafunzi wa shahada ya kwanza kukaa Gombe kwa miezi kadhaa kama sehemu ya masomo yao ya baiolojia ya binadamu.

Lilikuwa jambo geni. Kijana aliyezoea maktaba na maabara alijikuta akiamka kabla ya mapambazuko, akipanda makorongo kumfuata mnyama mmoja tangu anapotoka kwenye kiota chake asubuhi hadi anapojenga kingine jioni. Alitakiwa kuandika alikuwa na nani, alikula nini na alikwenda wapi.

Wapo waliopitia Gombe wakiwa vijana na baadaye wakatajika duniani. Craig Packer, aliyefika akiwa mwanafunzi wa Stanford na kuchunguza nyani, ndiye aliyekuja kuongoza kwa miongo kadhaa utafiti wa simba wa Serengeti. Richard Wrangham na Anne Pusey, Waingereza waliofika mwaka 1970, nao wakawa maprofesa nchini Marekani.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo hakuwa peke yake porini. Mwaka 1969 kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa akifuatilia sokwe mtu alianguka kwenye genge na kufariki dunia. Baada ya msiba huo ikawekwa kanuni kwamba mtafiti mgeni afuatane na msaidizi Mtanzania, anayezijua njia na hatari za milima hiyo.

Kanuni hiyo ililenga usalama, lakini ilizaa jambo jingine. Wasaidizi hao, wengi wao watu wa vijiji vya Kigoma wasiokuwa na elimu zaidi ya shule ya msingi, walianza kwa kuonyesha njia. Baada ya muda walikuwa wakimtambua kila sokwe kwa sura na sauti, na ndio waliowafundisha wanafunzi wapya kazi.

Usiku wa Mei 19, 1975

Usiku wa Mei 19, 1975, watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kwa mashua kutoka Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliivamia kambi ya utafiti ya Gombe na kuondoka na vijana wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja.

Watekaji walikuwa wafuasi wa chama cha waasi cha PRP, kilichokuwa na ngome yake katika milima ya Fizi. Kiongozi wake alikuwa Laurent Kabila, ambaye miaka 22 baadaye, Mei 1997, aliingia Kinshasa na kuwa rais wa nchi hiyo.

Mateka mmoja aliachiwa baada ya siku chache akiwa amebeba barua ya madai. Waasi walitaka fedha, silaha na kuachiwa kwa wenzao waliokuwa wakishikiliwa Tanzania. Profesa Hamburg alisafiri hadi Tanzania kushiriki katika jitihada za kuwakomboa vijana hao. Wa mwisho wao aliachiwa mwishoni mwa Julai, na wote wanne walirejea makwao wakiwa hai.

Lakini mpango wa Stanford haukufufuka. Watafiti wa kigeni waliondolewa Gombe, na kwa miaka kadhaa Goodall mwenyewe, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alifika huko kwa ziara fupi tu.

Wenyeji washika kalamu

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba utafiti ulikufa siku wageni walipoondoka. Haikuwa hivyo. Watu kama Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo waliendelea kuamka alfajiri na kuwafuata sokwe kama kawaida. Kila baada ya dakika 15 walijaza karatasi ya kumbukumbu, na maelezo marefu ya matukio ya siku waliyaandika kwa Kiswahili.

Kipindi hicho ndicho kilichokuwa na habari nzito kuliko zote. Kundi la sokwe mtu la Kasakela lilikuwa limegawanyika, na waliohamia kusini wakawa kundi la Kahama. Januari 1974 Matama alishuhudia madume wa Kasakela wakimshambulia mmoja wa Kahama, aliyeitwa Godi, ambaye hakuonekana tena. Hadi kufikia mwaka 1978 kundi la Kahama lilikuwa limefutika.

Kabla ya hapo wasomi wengi waliamini kuwa sokwe mtu ni wanyama wapole. Taarifa za vita hivyo zilibadili fikra hizo, na sehemu kubwa ya ushahidi uliokusanywa baada ya Mei 1975 ilitoka kwenye macho na kalamu za Watanzania. Kitabu kikubwa cha Goodall kuhusu sokwe wa Gombe, kilichotoka mwaka 1986, kimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kumbukumbu hizo.

Hapo ndipo penye funzo. Iwapo wenyeji wangeachiwa kazi ya kubeba mizigo na kupika tu, utafiti wa Gombe ungekatika mwaka 1975. Uliendelea kwa sababu elimu ilikuwa imeingia kwenye mikono miwili, wa mgeni na wa mwenyeji.

Nyanda za juu: darasa la wakimbizi

Katika nyanda za juu darasa lilifunguliwa na majanga ya nchi jirani. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 21, 1993, maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka. Mwaka 1996 wakafuata Wakongo waliokimbia vita mashariki mwa nchi yao, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kambi za Mtabila na Muyovosi wilayani humo, na za Nduta, Mtendeli na Kanembwa katika iliyokuwa wilaya ya Kibondo kabla ya Kakonko kutengwa mwaka 2012, zikawa majina yanayofahamika hadi Geneva.

Pamoja na mashirika ya misaada walikuja wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Beth Elise Whitaker, kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina, alichunguza katika miaka ya 1990 namna ujio wa wakimbizi ulivyowagusa wenyeji wa magharibi mwa Tanzania. Alibaini kuwa faida na hasara hazikugawanyika sawasawa. Waliokuwa na mali, elimu au nafasi walinufaika na soko na ajira zilizoletwa na kambi, wakati wanyonge waliumia zaidi.

Mmarekani mwingine, Loren Landau, alilinganisha Kasulu na wilaya ya Mpwapwa, iliyo mbali na kambi, ili kuona jinsi wakimbizi na misaada yao vinavyobadili uhusiano wa mwananchi na serikali yake. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 2008.

Kazi ya namna hii ina ugumu ambao mchunguzi wa sokwe haupati. Mwanafunzi anayeingia katika kijiji cha Kasulu anakutana na Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi, kiasi kwamba Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani atajibiwa kwa Kiswahili, lakini mazungumzo ya jikoni, shambani na kwenye mabaraza ya wazee yatampita asipokuwa na mwenyeji wa kumfafanulia.

Zaidi ya hayo, sokwe hamwulizi mtafiti maswali. Mkulima na mkimbizi huuliza. Mtu aliyekwisha kuhojiwa na maofisa wa serikali na wa mashirika humwona mwanafunzi kama mmoja wao, na huenda akatarajia msaada ambao mwanafunzi hana uwezo wa kuutoa.

Utaratibu wa kuingia

Tanzania haimruhusu mgeni kufanya utafiti kwa kujitokea tu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Mwombaji hutakiwa kueleza anachokusudia kufanya na kuwa na mshirika Mtanzania, kwa kawaida kutoka chuo au taasisi ya nchini.

Anayetaka kuwachunguza wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), na akiingia hifadhini huwajibika kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Kambi za wakimbizi zipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nayo ndiyo yenye ruhusa ya mwisho ya kuingia. Baada ya hapo mgeni huripoti kwenye uongozi wa mkoa, wa wilaya na hatimaye wa kijiji.

Wapo wanafunzi wanaolalamikia urefu wa mlolongo huo. Lakini sharti la kuwa na mshirika wa ndani limebeba, kwa lugha ya kisheria, funzo lilelile la Gombe.

Watanzania nao wavuka bahari

Safari ya elimu haikubaki ya upande mmoja. Mwaka 1995 kumbukumbu za Gombe zilipata makao katika Chuo Kikuu cha Minnesota, zikisimamiwa na Profesa Pusey, aliyewahi kuwa mwanafunzi kwenye milima hiyo. Maandishi ya Kiswahili ya watu wa Kigoma yakawa malighafi ya wasomi wa Marekani.

Mwaka 2010 chuo hichohicho kilimtunuku shahada ya uzamivu Mtanzania Deus Mjungu, aliyechunguza uhusiano wa makundi mawili jirani ya sokwe wa Gombe. Alirejea na kuongoza utafiti wa sokwe hifadhini humo. Kabla yake Shadrack Kamenya alikuwa amesoma shahada kama hiyo katika Chuo Kikuu cha Colorado, akarudi kuifanyia kazi Taasisi ya Jane Goodall nchini.

Wageni nao hawajaacha kuja. Mwaka 2022 utafiti wa sokwe wa bonde la Issa, magharibi mwa Tanzania, uliofanywa na mwanafunzi wa uzamivu wa Uingereza na wenzake, ulionyesha kuwa sokwe waishio kwenye nyika yenye miti michache husimama kwa miguu miwili zaidi wakiwa juu ya miti kuliko wakiwa ardhini. Matokeo hayo yalitia shaka nadharia ya zamani kwamba binadamu alianza kutembea wima baada ya kutoka msituni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika elimu, mwenyeji haponi kwa kupewa posho ya siku mbili za ukalimani na kusahauliwa. Hupona pale anapofundishwa kazi, jina lake linapoandikwa kwenye tasnifu, nakala ya tasnifu hiyo inapofika wilayani, na mtoto wake anapopata nafasi ya kuvuka bahari akiwa mwanafunzi.

Uongozi wa kijiji, iwe Kagerankanda au kwingineko, unayo haki ya kumwuliza hayo mwanafunzi mgeni siku ya kwanza anapoweka barua yake mezani. Gombe mwaka 1975 palidhihirika kuwa ni maswali ya msingi hata kwa mgeni mwenyewe. Siku alipolazimika kuondoka, kazi yake ilibaki salama mikononi mwa wale aliowashirikisha.