Seremala Aliyeziba Mashua

Mtu akaaye bara, aonapo paa la nyumba yake linavuja, husogeza kitanda akangoja mvua ipite. Baharini hakuna pa kusogeza kitanda. Maji yaingiayo kwa juu, kwa mlango wa falka au kwa kidirisha cha ubavuni, huzamisha chombo sawasawa na yale yaingiayo kwa chini. Nayo hudharauliwa zaidi, kwa sababu huingia kidogo kidogo. Basi, wasomaji, sikilizeni habari ya mashua moja ndogo, ambayo maisha ya watu 28 yalitegemea namna ilivyozibwa.

Mwezi wa Agosti, 1914, marikebu iitwayo Endurance ilitoka Uingereza, mkuu wa safari akiwa Ernest Shackleton, ili kwenda nchi ya barafu iliyo kusini kabisa mwa dunia. Januari, 1915, barafu iliishika isiweze kwenda mbele wala nyuma. Mwisho ikaipasua, na tarehe 21 Novemba ikazama. Watu wakakaa juu ya barafu miezi mingi, kisha wakapanda mashua tatu, na tarehe 15 Aprili, 1916, wakashuka katika Elephant Island, kisiwa kisicho na mtu. Hakuna aliyejua wako huko. Shackleton akaona hakuna njia ila kwenda kuomba msaada South Georgia, walikokaa wavuvi wa nyangumi, mwendo wa maili 800 za baharini.

Mashua iliyochaguliwa, James Caird, ilikuwa na urefu wa futi 22 na nusu tu, tena wazi juu. Ndipo kazi ilipomwangukia seremala, Harry McNish, mtu wa Scotland. Walipokuwa bado juu ya barafu alikuwa amekwisha kuinua mbavu za mashua kwa mbao. Mafundi wa pwani yetu hupiga kalafati kwa pamba na mafuta. Yeye hakuwa na vitu hivyo, akatia utambi wa taa katika nafasi za mbao, akapaka juu yake rangi za mafuta za mchoraji wa safari, pamoja na damu ya sili. Sasa akafanya sitaha: akatandaza mifuniko ya makasha na miti ya magari ya barafuni, akaifunika kwa turubai. Turubai lilikuwa limeganda likawa gumu kama ubao, hata wenziwe wakaliyeyusha kidogo kidogo juu ya moto wa mafuta ya sili ndipo sindano ipite. Ndani ya mashua mlingoti ulifungwa juu ya mkuku usivunjike, na farumi ya mawe ikapakiwa.

Tarehe 24 Aprili watu sita wakatweka tanga, na McNish mmojawapo. Mawimbi yalipoipanda sitaha, turubai lililegea, maji yakatuama, kisha yakamwagika ndani. Mifuko ya kulalia iliyofanywa kwa ngozi ikalowa na kunyonyoka, manyoya yake yakaziba bomba. Watatu walilala, watatu wakashika zamu, na kufua maji hakukukoma. Siku za baridi kali, maji yaliganda juu ya sitaha hata mashua ikalemewa, wakatambaa juu yake na shoka kuyavunja. Hata hivyo sitaha ile, ingawa ilivuja, haikung'oka. Siku ya 17, tarehe 10 Mei, wakashuka South Georgia. Shackleton na wenziwe wawili wakavuka milima kwa miguu, na tarehe 30 Agosti, 1916, meli ya Chile iitwayo Yelcho ikawachukua wale 22 waliobaki kisiwani. Wote walikuwa hai.

Lakini watu waliporudi na kupewa Nishani ya Polar, McNish hakupewa. Juu ya barafu, Desemba, 1915, alikuwa amebishana na mkuu wake na kukataa amri, na jambo hilo halikusahauliwa. Akafa maskini mjini Wellington, New Zealand, mwaka 1930. Mashua yake imehifadhiwa katika shule ya Dulwich College, London, alikosoma Shackleton.

Mimi sisemi kuwa kukataa amri ni jambo dogo. Mwalimu hawezi kusema hivyo. Lakini nauliza: kosa la siku moja na mishono iliyookoa watu 28, ni lipi lililostahili kuandikwa kwa wino mzito? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hakuna ukuta wa kujenga. Yuko aliyeziba, au wote wamezama. Naye aliyeziba astahili kukumbukwa.