Nyumba ya Kasisi Isiyo na Kasisi

Katika kijiji cha Grantchester, mwendo mfupi kutoka mji wa Cambridge, Uingereza, ipo nyumba iitwayo Old Vicarage, yaani Nyumba Kongwe ya Kasisi. Ilijengwa yapata mwaka 1685 kwa matofali mekundu, na vyumba vyake vya paani vina vidirisha vinavyochungulia katikati ya vigae. Haina makuu. Katika miaka ya 1820 ilitoka mikononi mwa Kanisa ikawa milki ya watu binafsi. Kasisi akaondoka, jina likabaki.

Mwaka 1850 iliangukia kwa Samuel Page Widnall, mtu wa mikono isiyotulia. Aliipanua nyumba, akaweka humo mtambo wa kuchapa vitabu, na mwaka 1857 akajenga bustanini gofu la ngome ambayo haikupata kuwapo: kuta zilizozaliwa zikiwa zimebomoka. Mwaka 1875 akatoa kitabu cha historia ya kijiji chake. Laiti haki ingetendeka, nyumba hii ingetajwa kwa jina la Widnall.

Lakini aliyeipatia sifa ni mpangaji. Mshairi Rupert Brooke alikodi chumba mwaka 1910, kisha akaongezewa sehemu kubwa ya nyumba. Hakugongelea hata msumari mmoja, ila Mei 1912, akiwa mkahawani Berlin, aliilemewa kwa hamu akaitungia shairi. Ajabu ni kuwa shairi lenyewe halishughulikii sana kuta. Limejaa maua, mto na kivuli cha miti, na makasisi walioondolewa na hati ya mauzo wanarejea humo wakiwa mizuka. Sifa ya jengo imejengwa na mtu aliyelitazama kutoka nje, tena kutoka mbali.

Brooke alifariki tarehe 23 Aprili 1915, akiwa na umri wa miaka 27, akazikwa katika kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Mwaka uliofuata mama yake aliinunua nyumba akampa Dudley Ward, rafiki wa marehemu. Huenda hiyo ndiyo tanzia nzito kuliko zote alizoandikiwa. Mwaka 1979 ikanunuliwa na mwandishi wa riwaya Jeffrey Archer na mkewe Mary, na mwaka 2006 sanamu ya Brooke ikasimamishwa uani mbele. Gofu la Widnall liko nyuma.