Kuni za Kibumba

Aijuaye Kibumba ajua ya kuwa udongo wake ni wa volkano, mweusi, wenye rutuba nyingi. Lakini mto hakuna, maana mvua hunywewa upesi na mawe. Kando ya mashamba waanza msitu wa Virunga, uliotengwa mwaka 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert.

Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi waliingia kutoka Rwanda laki kwa laki. Kambi ya Kibumba peke yake ilipata watu karibu 200,000. Maji yaliletwa kwa malori, bali kuni nyingi zilitoka msituni. Tuwalaumu? Maharagwe mabichi hayaliwi. Mwaka ule ule UNESCO iliiandika Virunga katika urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi ilikwisha mwaka 1996, lakini Goma iliendelea kupika kwa makaa, ambayo kwetu huitwa makala.

Basi mwaka 2007 shirika la WWF lilianza mpango wa EcoMakala: wakulima wa Kivu ya Kaskazini wapande miti ya kuni katika mashamba yao wenyewe, msitu upate kupumzika na kuota tena. Si kazi nyepesi. Mwenye kishamba kidogo akijaza mikaratusi, viazi atapanda wapi? Na mti huchukua miaka. Watoto wataka kula leo. Sisi twausifu zaidi mgrevilea. Hupandwa mpakani, majani yake huoza yakawa mbolea, maharagwe hustawi karibu nao, na matawi yakikatwa kwa kuni, mengine huchipuka.