Akina mama wa Moroko na mafuta ya argani: ruzuku ilivyowasaidia, na ilipokwama

Mafuta ya argani wengi mmeyaona saluni au kwenye chupa za shampuu, jina limeandikwa kwa herufi kubwa hata kama humo ndani ni matone tu. Leo naweka maelezo ya wanaoyatengeneza, maana kila tukiongelea mitaji ya akina mama utasikia "wapeni hela tu basi". Habari hii inaonyesha mambo si mepesi hivyo.

Mti wa argani unaota wenyewe kusini magharibi mwa Moroko, upande wa Essaouira, Agadir na Taroudant, eneo la zaidi ya hekta 800,000. Una miiba, unavumilia ukame, na mbuzi wanaupanda hadi juu kula matunda. Zile picha ni za kweli jamani! Ila siku hizi wapo wanaowapandisha mbuzi makusudi ili watalii walipe. Mwaka 1998 UNESCO iliitambua misitu hiyo kuwa hifadhi ya kimataifa.

Kukamua mafuta tangu zamani ni kazi ya wanawake wa Kiamazigh. Unaokota matunda, unayaanika, unamenya, halafu unapasua kokwa kwa jiwe. Kokwa zenyewe ngumu balaa. Viini unavikaanga kama mafuta ni ya kula, unavisaga, unavikanda na maji mpaka mafuta yajitenge. Lita moja inataka kilo 30 na zaidi za matunda makavu. Na kwa kuwa yamekandwa na maji, yanachacha haraka, kwa hiyo yalikuwa yanauzwa barabarani kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo anaingia mama mmoja mwanakemia, Zoubida Charrouf, wa Chuo Kikuu cha Mohammed V kule Rabat. Mwaka 1996 alisaidia kuanzisha ushirika wa Amal katika mji mdogo wa Tamanar. Waume wengi hawakutaka wake zao watoke kwenda kufanya kazi, hivyo waliojiunga mwanzoni walikuwa wajane na waliopewa talaka. Hawakuwa na wa kuwazuia! Pesa zilipoanza kuonekana nyumbani, ndipo na wengine wakaruhusiwa.

Misaada ilitoka sehemu nyingi. Kanada ilisaidia utafiti. Ujerumani, kupitia GTZ, iliusaidia muungano wa vyama vya ushirika vya akina mama ulioanzishwa mwaka 1999. Kuanzia mwaka 2003 Umoja wa Ulaya na serikali ya Moroko walichangia mradi mkubwa wa argani, na mwaka 2005 Mfalme Mohammed VI akazindua mpango wa taifa wa maendeleo ya watu, ambao nao ulitoa ruzuku kwa vikundi vidogo.

Hela zilinunua nini? Mashine za kukamua, hasa. Mashine haihitaji maji, mafuta yanakaa muda mrefu, na hapo unaweza kuyasafirisha nje. Kupasua kokwa kuliachwa mikononi mwa akina mama wenyewe, na hilo naliona la busara kwa sababu ndiyo ajira yenyewe. Mtaani kwetu mfadhili mmoja aliwapa akina mama vyerehani, picha zikapigwa, ila hakuna aliyefundishwa kuvitengeneza. Sasa hivi vimewekewa ndoo juu. Kule mafunzo yalikwenda pamoja na vifaa: usafi wa mafuta, hesabu za kikundi, na zaidi ya yote kusoma na kuandika. Wengi hawakuwahi kukanyaga shule, na lugha yao ni Kitashelhiti, si Kiarabu kinachoandikwa kwenye karatasi za serikali. Mwanachama asiyeweza kusoma daftari la mapato atajuaje kama anaibiwa?

Matokeo yapo. Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba biashara hiyo ilipokua, wasichana wengi zaidi waliendelea na sekondari. Ila familia nyingine ziliongeza mbuzi, na mbuzi wanakula mti uleule! Msitu haukunufaika.

Tatizo kubwa zaidi ni soko. Argani ilipopata jina, kampuni binafsi zikaingia na mitaji yao. Zinanunua viini kupitia madalali, na mafuta mengi yanasafirishwa kwa jumla kwenda kufungashwa Ulaya, ambako ndiko faida iliko. Mama anayepasua kokwa analipwa kwa kilo ya viini. Tena kuna maduka ya watalii yameandika "ushirika" mlangoni wakati mwenyewe ni mfanyabiashara mmoja na akina mama waliokaa pale ni vibarua. Moroko ililinda jina la argani kisheria mwaka 2009, lakini hiyo inalinda asili ya mafuta, haisemi nani agawiwe faida. Ukame wa miaka ya karibuni nao umepunguza matunda na kupandisha bei.

Kwa hiyo ukisikia mradi wa namna hii popote, mimi ningeuliza hivi: akina mama ni wanachama au vibarua? Nani anashika daftari? Mashine ikiharibika nani anaitengeneza? Na chupa inafungwa wapi?

Mwenye ndugu Moroko au aliyewahi kufika Agadir atuwekee bei za huko.